Mashauri Kabla ya Dhoruba: Kanisa na Upangaji wa Pamoja wa Tahadhari ya Maafa katika Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

1. Utangulizi

Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, Luka anasimulia habari za merikebu iliyomchukua Paulo kwenda Rumi. Wahubiri wengi huitumia sura hiyo kufundisha juu ya imani katikati ya dhoruba, na hawakosei. Lakini tukiisoma kwa utulivu twaona kwamba sehemu yake ya kwanza inahusu jambo tunalolipita kwa haraka, yaani mashauri yaliyofanyika kabla ya dhoruba, na jinsi yalivyoharibika. Paulo alionya kwamba majira ya kusafiri yalikuwa yamepita. Nahodha na mwenye merikebu walikuwa na neno lao, na akida akawasikiliza hao zaidi. Walio wengi wakashauri waondoke, kwa kuwa bandari ile haikuwafaa kukaa wakati wa baridi. Kisha upepo wa kusini ukavuma taratibu, nao wakadhani wamepata walilolitaka.

Mtu aliyekulia Liuli, Lituhi au Mbamba Bay hahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Anajua jinsi ziwa linavyoweza kulala asubuhi na kuamka mchana. Anajua pia kwamba mara nyingi waliozama hawakuwa wamekosa maonyo. Walikosa mashauri ambayo ndani yake onyo lingepewa uzito wake.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi hatari za maafa zinavyoweza kupimwa na kupangiwa tahadhari kwa pamoja katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, na kwa nini kazi hiyo inalihusu Kanisa. Hoja yetu ni moja. Maarifa juu ya hatari yametawanyika mikononi mwa watu wengi; kwa hiyo hakuna ofisi wala kanisa liwezalo kuipima hatari peke yake. Na mpango ambao haukufanywa pamoja kabla ya siku ya maafa hauwezi kufanywa siku yenyewe.

2. Janga na maafa

Yafaa kwanza tutofautishe maneno mawili. Janga ni tukio lenye uwezo wa kudhuru: mvua kubwa, upepo mkali, tetemeko la ardhi, ugonjwa wa kuambukiza. Maafa ni madhara yanayotokea pale janga linapowakuta watu wasioweza kulihimili kwa nguvu zao wenyewe. Dhoruba inayovuma usiku katikati ya ziwa pasipo mtumbwi hata mmoja ni janga, lakini si maafa. Dhoruba hiyo hiyo ikikuta chombo kilichojazwa kupita kiasi, na abiria wasio na majaketi ya kuokolea maisha, huwa maafa.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa theolojia na kwa utendaji. Upepo hatuna mamlaka juu yake. Lakini wingi wa mizigo chomboni, mahali pa kujenga nyumba, usafi wa kisima na kasi ya kupeleka habari vimo katika uwezo wa binadamu. Ndiyo maana kupima hatari hakuishii katika kuuliza ni janga gani litakuja. Hatuna budi kuuliza pia: litamkuta nani, akiwa wapi, akiwa na uwezo gani, na nani atakuwa karibu naye?

3. Nchi yenyewe na hatari zake

Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko wa takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari, nayo milima ya Umatengo hufikia karibu meta 2,000. Msafiri ashukaye kutoka mji wa Mbinga hadi Mbamba Bay hutoka katika baridi ya mashamba ya kahawa na kuingia katika joto la mihogo, mpunga na dagaa kwa safari isiyofika kilometa 100. Maji nayo husafiri njia hiyo hiyo. Mvua za nchi hii huwa za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mito hushuka kwa kasi kutoka milimani. Upande wa kaskazini uko mto Ruhuhu, unaoingia ziwani kati ya Manda na Lituhi.

Tangu mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa imekuwa wilaya ya pekee, baada ya kumegwa kutoka Mbinga. Mgawanyo huo ulisogeza huduma karibu na wananchi wa pwani. Lakini kwa habari ya maafa umeleta swali jipya, kwa kuwa mteremko uko chini ya ofisi moja na bonde liko chini ya ofisi nyingine, na mto haukugawanywa. Msitu ukikatwa juu, udongo huonekana chini.

Wamatengo walilijua jambo hili kabla ya wilaya zote. Katika karne ya 19, walipobanwa milimani na mashambulizi ya Wangoni, walikuza kilimo cha ngoro. Katika kilimo hicho nyasi hulazwa juu ya mteremko kwa kupishana, kisha hufukiwa kwa udongo, hata shamba zima likawa la mashimo yaliyozungukwa na matuta. Kila shimo hupokea maji ya mvua, huyatuliza, na kuuzuia udongo usikimbie. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani wameuchunguza utaratibu huo kwa miaka mingi. Kwa lugha ya leo twaweza kusema kwamba ngoro ni mpango wa kupunguza hatari ya maafa, uliotungwa na watu wasiokuwa na ofisi wala bajeti. Pale ngoro zinapoachwa na miteremko kulimwa ovyo, hatari huongezeka kwa mlimaji na kwa jirani yake wa bondeni asiyemfahamu.

Hatari ya miteremko si ya kubuni. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya matope na mawe kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, yaliingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hanang si Umatengo, na udongo wake si ule ule. Hata hivyo tukio hilo linatufundisha kuutazama upya kila mlima wenye makazi chini yake.

Upande wa ziwa, hatari ya kwanza ni upepo. Kati ya Mei na Agosti huvuma upepo wa kusi ambao wakazi wengi wa ziwa huuita mwera. Kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550 kutoka kaskazini hadi kusini, upepo huo hupata nafasi ndefu ya kuyainua mawimbi. Mwezi Julai 1946 meli iliyoitwa Vipya, ambayo ilikuwa mpya katika huduma, ilizama katika upande wa magharibi wa ziwa hili, na watu zaidi ya 140 walikufa.

Hatari nyingine huja kwa nadra zaidi. Ziwa limelala katika Bonde la Ufa, na ardhi yake haijatulia. Mwezi Desemba 2009 matetemeko ya mfululizo yalibomoa nyumba nyingi huko Karonga, ng'ambo ya ziwa nchini Malawi. Kina cha ziwa nacho hubadilika kwa vipindi virefu: kati ya miaka ya 1915 na 1935 maji yalishuka hata mto Shire ukakosa kutoka ziwani, na karibu na mwaka 1980 yalipanda sana. Anayejenga penye ukavu wa leo anaweza kuwa anajenga katika ziwa la kesho. Tena kuna ugonjwa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Malawi mwezi Machi 2022 uliua watu zaidi ya 1,700 nchini humo. Wavuvi na wachuuzi wa nchi zote tatu za ziwa hukutana katika masoko ya samaki, na ugonjwa husafiri nao.

4. Maarifa yaliyotawanyika

Orodha hii yaonyesha kwa nini hakuna mtu mmoja awezaye kuipima hatari ya eneo zima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mvua, lakini haijui ni mitumbwi mingapi iliyotoka Liuli jana jioni. Mvuvi mzee hutambua mwera kwa rangi ya maji na kwa mawingu, lakini hajui kwamba mvua kubwa imenyesha juu ya mito. Mkulima wa mlimani ameuona ufa mpya katika mteremko, lakini hajui amweleze nani. Muuguzi wa zahanati ndiye wa kwanza kuona wagonjwa watatu wa kuhara katika siku moja. Mama auzaye dagaa anajua ni nani waliokuja sokoni kutoka ng'ambo. Mwenyekiti wa kijiji anajua nyumba za wajane na za wazee wasioweza kukimbia.

Kila mmoja ana kipande. Hatari huonekana yote pale tu vipande vinapowekwa juu ya meza moja.

Sheria ya nchi imeipa meza hiyo mahali pake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa, kuanzia ngazi ya taifa kushuka hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Umatengo nako kuna meza ya zamani zaidi. Katika desturi iitwayo sengu, wanaume wa ukoo walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja, na katika kula huko wakajadili mashamba, magomvi na mahitaji ya wasiojiweza. Sengu ilikuwa na upungufu wake, kwa kuwa sauti ya wanawake haikusikika humo kama ilivyopasa. Lakini ilikuwa na hekima moja ambayo vikao vyetu vingi vimeipoteza: watu waliozoea kukutana siku za kawaida hawakuhitaji kutambulishana siku ya shida.

5. Jinsi ya kupima kwa pamoja

Kazi yenyewe si ngumu, nayo haihitaji vyombo vya gharama. Twaweza kuieleza kwa hatua tano.

Ya kwanza ni kukumbuka. Wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, husimulia maafa yaliyowahi kutokea kijijini: mwaka gani, maji yalifika wapi, nani walidhurika zaidi. Kumbukumbu hizo ziandikwe.

Ya pili ni kuchora ramani. Hata juu ya mchanga yawezekana kuonyesha mito, miteremko, visima, shule, makanisa, misikiti, zahanati na nyumba zilizo mahali pa hatari. Ramani ya bonde ichorwe na watu wa juu pamoja na watu wa chini, hata kama wako katika wilaya mbili.

Ya tatu ni kuandika kalenda ya majira. Novemba hadi Aprili: mafuriko, maporomoko na magonjwa ya kuhara. Mei hadi Agosti: mwera. Mwisho wa kiangazi: moto wa mashamba na misitu. Kalenda hiyo huonyesha lini ghala liwe na chakula na lini dawa za kutibu maji ziwe zimefika.

Ya nne ni kupanga uzito. Kwa kila janga tuulize mambo mawili: hutokea mara ngapi, na likitokea hudhuru kiasi gani? Upepo huja kila mwaka, na huua wachache kwa wakati mmoja. Tetemeko kubwa huenda lisije katika kizazi kizima, lakini likija huangusha nyumba za kijiji chote. Yote mawili yanastahili mpango, ila si mpango wa namna moja.

Ya tano ni kugawa kazi na kuifanyia mazoezi. Nani atapokea utabiri na kuutangaza? Kwa ishara gani, iwapo simu hazishiki? Nani atambeba bibi kizee wa nyumba ya mwisho? Mtu huyo akiwa safarini, ni nani badala yake? Mpango usio na majina ya watu ni matumaini tu.

6. Vikwazo viwili

Kikwazo cha kwanza ni cha imani. Katika sharika zetu husikika maneno kwamba maafa ni adhabu, au kwamba kujiandaa ni kumtilia Mungu mashaka. Bwana Yesu alipoelezwa habari za maafa alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, naye alikataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Lk 13:1-5). Aliwaita wasikilizaji wake watubu. Hakuwapa ruhusa ya kuwahukumu waliokufa.

Martin Luther alilikabili swali hili mwaka 1527, wakati tauni ilipoingia Wittenberg. Katika barua yake juu ya kuikimbia tauni, iliyoandikwa kwa ajili ya wachungaji wa Breslau, alifundisha kwamba adharauye dawa na tahadhari hamtumaini Mungu, bali anamjaribu. Alilinganisha jambo hilo na nyumba inayoungua huku watu wakisimama bila kuizima. Tena alisema kwamba wenye wajibu kwa wengine, kama wahubiri, watawala na watunzaji wa wagonjwa, wasiondoke isipokuwa wako wengine wa kutosha kushika nafasi zao. Mafundisho haya ya Luther yanafanana sana na hatua ya tano tuliyoitaja: kila kazi iwe na mtu, na kila mtu awe na wa kumpokea.

Kikwazo cha pili ni cha umaskini. Mara nyingi twamlaumu mvuvi aliyeondoka ijapokuwa alionywa. Lakini tukimwuliza, huenda akatuonyesha deni la nyavu na watoto wasiokula tangu jana. Mtu huyo si mjinga. Amepima hatari mbili na kuchagua ile asiyoiona bado. Basi onyo pasipo chakula halitoshi. Yusufu hakuishia kutafsiri ndoto ya Farao. Alishauri pia sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba (Mwa 41). Kanisa la Antiokia, lilipopata habari za njaa itakayokuja, lilichanga kila mtu kwa kadiri alivyoweza, na kupeleka msaada kwa ndugu wa mbali (Mdo 11:27-30). Mfuko mdogo wa kijiji, wa kuwasaidia wavuvi siku ambazo ziwa limefungwa na upepo, huenda ukaokoa watu wengi kuliko mahubiri yetu juu ya ukaidi.

7. Wajibu wa Kanisa

Katika Mbinga na Nyasa Walutheri si wengi. Milimani Kanisa Katoliki lina mizizi mirefu, na hospitali ya Litembo ni tunda lake. Pwani ilipokea Injili kwa Waanglikana waliotoka kisiwa cha Likoma, nayo hospitali ya Liuli ni ya kwao. Waislamu nao wapo. Uchache wetu usitufanye tukae pembeni, bali utufundishe kwamba kazi hii haiwezi kuwa ya dhehebu moja. Yatupasa kuingia katika kamati za vijiji na kata kama washiriki, pasipo kutafuta bendera yetu ionekane siku ya kugawa mablanketi.

Tunavyo vitu ambavyo kijiji kinavihitaji. Tunayo majengo imara kuliko nyumba nyingi, yawezayo kuwa makimbilio. Tunazo kengele zinazosikika simu zinaponyamaza. Kinachohitajika ni kukubaliana juu ya mlio wa hatari usiofanana na mlio wa ibada. Tunao wainjilisti na wazee wa kanisa wanaoijua kila nyumba ya mtaa wao. Tena tunao undugu wa kiroho na Wakristo wa Malawi na Msumbiji. Mjadala wa Tanzania na Malawi juu ya mpaka wa ziwa haujamalizika, nao ni wa serikali. Lakini mvuvi azamaye hana muda wa kuuliza yumo katika maji ya nani, na habari ya dhoruba inaweza kuvuka ziwa kutoka usharika hadi usharika bila kuingilia mjadala huo.

Vyuo vyetu vya theolojia vina wajibu wao. Mchungaji kijana hupelekwa usharikani akiwa amefundishwa kuzika na kufariji, na hilo ni jema. Afundishwe pia kuketi katika kamati, kusoma utabiri wa hali ya hewa, na kuuliza swali la mzee wa mwisho katika nyumba ya mwisho.

8. Hitimisho

Turudi kwenye merikebu ya Paulo. Katikati ya dhoruba Luka ameandika jambo dogo: waliokuwamo chomboni walikuwa watu 276. Kuna mtu aliyewahesabu. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu kufa, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, maiti 228 ziliopolewa. Katika maafa yote mawili taifa lilianza kuhesabu watu wake walipokwisha kufa.

Luka anaendelea kusema kwamba karibu na nchi kavu utaratibu ulitolewa: waliojua kuogelea wajitupe kwanza, na waliobaki washike mbao na vipande vya merikebu. Hivyo wote wakafika salama. Ahadi ya Mungu haikuufanya utaratibu huo usihitajike. Ilitimia kwa njia yake.

Basi tusingoje mwera uanze kuvuma. Kila usharika na uanze na kazi iliyo rahisi kuliko zote: kuwahesabu watu wa mtaa wake, wa imani yake na wasio wa imani yake, na kuandika ni nani atakayekwenda kwa nani. Kisha tuipeleke hesabu hiyo kwenye meza ya kijiji, tuiweke pamoja na vipande vya wengine.